Mimea inapokufa ndani ya tangi la samaki

Majuma mawili yaliyopita niligusia katika mazungumzo haya habari ya matangi ya samaki ya kioo, ambayo siku hizi huonekana katika hoteli, saluni na hata sebule za watu wa kawaida kama mimi. Sikutegemea kwamba jambo dogo kama hilo lingeleta maswali mengi. Na wengi walioniuliza hawakuuliza juu ya samaki, waliuliza juu ya majani. Wamenunua mimea ya majini kwa bei isiyo ndogo, wameipanda kwa utaratibu, na baada ya wiki moja au mbili majani yanageuka manjano, yanatoboka, yanayeyuka kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Wanataka kujua wamekosea wapi.

Swali hilo nalifahamu vizuri, msikilizaji, kwa sababu lilinigharimu samaki saba na amani ya nyumba yangu kwa wiki nzima.

Tangi letu ni la lita 100 hivi. Nililiweka sebuleni hapa Dar es Salaam, nikatandika mchanga, nikajaza maji ya bomba, nikapanda mimea ya aina nne, na siku hiyo hiyo nikatia samaki kumi. Kwa siku tano kila mgeni alisifu. Siku ya tisa jani la kwanza likalala. Siku ya kumi na mbili maji yalikuwa na rangi ya chai na harufu ya mtaro. Nina mtoto wa kiume, wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, ambaye hakuweza kukaa mbali na tangi lile. Mara atie mkono, mara arushe chakula. Nikaona mkosaji nimempata. Nilimgombeza mbele ya watu na kumkataza hata kusogea karibu.

Halafu nikaanza kazi ya kurekebisha. Niling'oa mimea yote ili nitazame mizizi, na ile niliyoona imekwisha nikaitupa katika ndoo kuukuu nyuma ya jiko, ndoo yenye maji kidogo ya mvua. Sponji ya chujio nikaisuuza chini ya bomba mpaka ikatakata. Taa nikaiacha iwake tangu alfajiri hadi tunapolala, kwa hoja kwamba mmea huishi kwa mwanga. Mwisho nikachota kijiko cha urea iliyokuwa imebaki baada ya kuweka mbolea kwenye mahindi, nikaitia majini. Baada ya siku mbili samaki saba walikuwa wanaelea.

Wiki tatu baadaye mtoto yule yule aliniita nyuma ya jiko. Ndani ya ndoo, vile vishina nilivyovihesabu kuwa mizoga vilikuwa vimetoa majani mapya, mafupi, ya kijani kibichi. Nilimwomba mwanangu radhi, kisha nikakaa chini kusoma na kuwauliza wanaoijua kazi hii.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mimea mingi tunayouziwa kwa ajili ya matangi haikukulia ndani ya maji. Wanaoiotesha huiweka mizizi katika unyevu na majani hewani, ndani ya vibanda vyenye unyevunyevu mwingi, kwa sababu huko hukua upesi na mwani hauyashiki majani. Sasa jani lililokulia hewani lina ngozi yenye nta ili lisikauke. Ukilizamisha, linakutana na shida ambayo halikuumbwa kuikabili. Hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo jani huitumia kujitengenezea chakula, husambaa ndani ya maji polepole kiasi cha mara elfu kumi kuliko hewani. Jani la hewani haliwezi kuishi kwa mgawo huo. Mmea wenyewe hulitelekeza, hunyonya kinachofaa kutoka humo, na kuanza kujenga jani jipya, jembamba na laini, la kuishi majini. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mwenye tangi hutazama jani la zamani likifa na kudhani mmea mzima unakufa.

Mmea uitwao Cryptocoryne, ambao asili yake ni Asia ya kusini na ya kusini mashariki, ndio wenye vituko kupita yote. Uhamishe tu kutoka maji haya kwenda maji yale, na majani yake yote huweza kuwa uji kwa siku chache, huku mizizi ikiwa salama kabisa mchangani. Huo ndio uliokuwa katika ndoo yangu.

Basi la kufanya ni dogo. Jani linaloanza kuoza likate kwa mkasi karibu na mchanga, ulitoe, mizizi uiache mahali pake. Kila unapoung'oa mmea ili "kuuangalia" unakata vinyweleo vya mizizi vilivyokwisha kushika, na unaurudisha siku ya kwanza. Ukiwa na wasiwasi kwamba umekufa kweli, bonyeza shina pale chini kwa vidole. Likiwa gumu, subiri. Likiwa limelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi na linanuka, hilo limekwisha.

Nasisitiza kulitoa jani, kwa maana hapo ndipo samaki wanapoingia hatarini. Kinyesi chao, chakula kilichobaki na jani linalooza vyote hutoa amonia, nayo ni sumu inayounguza matamvua wanayopumulia. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoishi juu ya mchanga na ndani ya sponji. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali na tena ni mbolea ya mimea. Makundi hayo huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi nilitia samaki kumi siku ya kwanza, nikawaua bakteria wachache waliokuwapo kwa klorini ya bomba nilipoisuuza sponji, kisha nikaongeza urea, ambayo ni naitrojeni kwa asilimia 46 na ambayo majini hugeuka kuwa amonia. Vidole vya mtoto havikuhusika. Chakula alichorusha kiliongeza uozo kidogo, lakini kijiko kilikuwa mkononi mwangu.

Wala tatizo hili si geni. Mwaka 1849 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alitia samaki wawili wa dhahabu ndani ya chombo cha kioo pamoja na mmea wa Vallisneria, akitaka kuona kama mmea ungewapa samaki oksijeni na wao wakaulisha mmea. Majani ya Vallisneria yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi wa kijani ukatanda kwenye kioo. Yaani yalimpata yale yale yanayowapata wasikilizaji wangu. Yeye hakung'oa. Alitafuta konokono wa majini wachache akawatia humo, nao wakala majani yaliyooza pamoja na utelezi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 alilieleza jambo hilo mbele ya Chemical Society, na wanaoandika historia ya matangi ya samaki huanzia hapo.

Hapa lakini naomba nisieleweke vibaya. Usiende bwawani wala mtoni kuchota konokono. Kwetu hapa baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi ya anayetia mkono majini. Mkasi unatosha. Aidha, mimea unayoiondoa usiimwage mtoni wala mtaroni. Magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyasambaza duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Yachimbie ardhini, au uyakaushe juani.

Lipo kosa jingine ambalo husababisha kifo cha kweli. Mmea wa Anubias, ambao ni wa kwetu Afrika, kutoka misitu ya magharibi na ya kati, una shina nene linalotambaa kama tangawizi. Ukilifukia mchangani linaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo, mizizi itashika yenyewe. Na huo mchanga wenyewe, tulio pwani tuna kishawishi cha kwenda kuuchota ufukweni bure. Una chumvi, tena umejaa vipande vya kombe vinavyoyafanya maji kuwa magumu siku hadi siku. Tumia mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yake yatoke meupe.

Kuhusu taa, saa sita hadi nane kwa siku zinatosha kwa tangi jipya. Mmea ambao haujapata majani yake ya majini hauwezi kuutumia mwanga wa saa kumi na sita, ila mwani unaweza, na ukishayafunika majani unayanyima mwanga huo huo uliouongeza kwa ajili yao. Vumbi la kahawia linaloshika kioo na majani katika wiki za mwanzo lisikutishe. Lifute kwa kidole, mara nyingi huondoka lenyewe tangi linapokomaa.

Maji ya bomba yaache usiku kucha ndani ya ndoo pana, wazi, klorini ipae. Kama mamlaka ya maji ya mahali ulipo hutumia kloramini, kuyaacha hakusaidii, itabidi ununue dawa ya kuiondoa. Katika mwezi wa kwanza badilisha robo ya maji mara moja au mbili kwa wiki, na sponji ya chujio ikamulie ndani ya maji yale yale unayoyatoa tangini.

Baada ya miezi miwili, kama majani mapya ya majini nayo yanaugua, hapo ndipo pa kuzungumza habari ya mbolea. Aliyelima mahindi ataelewa upesi. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini ndiyo yanayotangulia kuwa manjano, kwa sababu mmea huihamisha naitrojeni kutoka kwenye jani kuukuu na kuipeleka kwenye jipya. Potasiamu nayo huhamishika hivyo hivyo, ila ukosefu wake katika mimea ya majini mara nyingi huanza kwa vitundu vidogo kwenye majani ya zamani. Madini ya chuma hayahamishiki. Yakikosekana, jani jipya kabisa ndilo hutoka likiwa limepauka, na la zamani hubaki kijani. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa yoyote, tazama ni jani la juu au la chini linalougua. Mjerumani Justus von Liebig alieneza katika karne ya 19 kanuni kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Ukiongeza naitrojeni pale palipokosekana chuma, unaulisha mwani. Na mbolea iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Mimea inayokula kwa mizizi, kama Cryptocoryne, hufukiwa kidonge cha mbolea mchangani karibu na shina.

Ile mimea ya ndooni tuliirudisha tangini mwezi uliofuata. Ilipoteza tena majani yote, nasi tukanyamaza. Leo imejaa upande mzima wa kushoto, na samaki ni sita. Kazi ya kukata majani ni ya mwanangu, mkasi ni wake, na aliyekatazwa kutia mkono ni mimi.