Nani Amelijaza Ziwa?

Mei 2020, maji yakiwa yameingia kwenye nyumba za kandokando ya Ziwa Victoria katika nchi zote tatu, kipimo cha Jinja, pale mto Nile unapotokea, kiliipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa 1964. Rekodi hiyo ya zamani iliishi miaka 56. Mpya haikumaliza hata mitano: masika ya 2024 ikavunjwa nayo. Na kumbuka kwamba mwaka 2006 watu walewale walikuwa wakisukuma mitumbwi matopeni, ziwa limeshuka kwa ukame na kwa maji mengi mno kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja.

Ziwa hili lina rekodi nyingine isiyosemwa sana: ni ziwa kubwa kuliko yote barani, lakini linaishi kwa mvua kuliko kwa mito. Karibu asilimia 80 ya maji yake huanguka moja kwa moja juu ya uso wake, na kiasi kinachokaribia hicho hurudi angani kwa kuvukizwa na jua. Kagera na mito mingine yote hugawana kilichobaki. Usiku nchi kavu inapopoa, pepo huvuma kuelekea ziwani kutoka kila upande, hukutana katikati na kupanda, na radi zikaanza. Mvuvi wa dagaa aliyekesha na karabai yake hahitaji mchoro kuelewa jambo hilo. Mawingu ya radi hizo husukumwa magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya pili, haifikii hata nusu yake.

Hata hivyo nchi kavu haikosi la kusema. Udongo na mbolea vinavyosombwa kutoka mashambani hulisha gugumaji na mimea mingine. Aprili 2020, maji yalipopanda, kisiwa kinachoelea cha matete na mafunjo kilikatika, kikasafiri mpaka kwenye bwawa la Jinja na kuziba mitambo. Uganda yote ikakosa umeme.

Kwa kunywewa na jua, bingwa ni Ziwa Turkana. Halina mto unaotoka. Hupoteza zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka kwa mvukizo, na mvua ya pale ni haba. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake hutoka mto Omo, yaani kwenye milima ya Ethiopia, ambako mvua ikikatika leo Mturkana ataijua kesho ufukweni. Bwawa la Gibe III la mto huo lilipoanza kujazwa 2015 ziwa lilishuka, na wengi tukaliandikia tanzia. Kisha zikaja mvua za 2019 na 2020, likapanda. Tanzia ikabaki mkononi.

Ziwa Chad lilishapata tanzia zake pia. Miaka ya 1960 lilikuwa na takriban kilomita za mraba 25,000. Katikati ya miaka ya 1980 lilibaki kipande kidogo tu cha hapo. Ukame wa Saheli uliupunguza mto Chari, mlishaji wake mkuu. Picha ya ziwa hilo ya miaka ya 1980 bado inazungushwa kana kwamba ilipigwa jana, ingawa maji yamerudi kiasi tangu wakati huo.

Lakini rekodi ninayoipenda mimi ni ya Ziwa Nyasa. Kuanzia 1915 hadi 1935, kwa miaka 20, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700 halikutoa maji. Mvua zilikuwa zimepungua, likashuka chini ya mdomo wa mto Shire, na mchanga na matete vikaufunga mlango. Miongo baadaye, mwaka 1995, mwanahaidrolojia Ian Calder na wenzake walilipigia hesabu ziwa hilo. Kati ya 1967 na 1990 misitu ya bonde lake ilikuwa imepungua kwa asilimia 13. Sisi tuliokua na mabango ya shuleni ya kata mti panda mti tungetabiri kwamba ziwa litakauka. Hesabu yao ilisema kinyume: kama misitu ile isingekatwa, kabla ya mvua za 1992 ziwa lingekuwa chini zaidi kwa karibu mita nzima. Msitu una mizizi mirefu na hunywa mwaka mzima. Shamba la mahindi hunywa miezi michache, kisha hukaa kavu. Maji ambayo msitu ungeyarudisha angani huteremka mtoni.

Msishangilie na mashoka. Maji yanayoteremka hivyo huteremka kwa vishindo, yakibeba udongo. Waulize wazalishaji wa umeme kwenye mto Shire, ambako tope na magugu ni adha ya miaka yote.

Ziwa Baringo nalo limepanda kwa zaidi ya muongo sasa, mvua zikiwa mshitakiwa wa kwanza na vilima vilivyovuliwa majani wa pili. Rasi ya Longicharo ikageuka kisiwa, twiga tisa wakazingirwa humo. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa kwa zamu juu ya chelezo cha chuma kilichokaa juu ya mapipa matupu.

Anguko kubwa la haraka ni la Tanganyika. Lina kina cha mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Mpelelezi Mwingereza Cameron aliufikia 1874 akaukuta umezibwa kwa mimea. Maji yakaendelea kujaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, kizuizi kikapasuka. Mmisionari Hore alipofika 1879 alikuta mkondo unakimbia kuelekea Kongo. Ziwa lilishuka kama mita 10 katika takriban miaka 15. Miaka hii limepanda tena, Bujumbura na Uvira wanahesabu nyumba zilizozama. Lakini nenda Ujiji, kwenye ukumbusho wa mahali Stanley alipokutana na Livingstone 1871, wakati mji ulikuwa kando ya maji. Ukitaka kunawa mikono, itakubidi utembee kwanza.