Kompyuta sita, printa moja: nyaya zipangwe namna gani?

Bukavu – Mwanafunzi amefika kwenye sekretariati na fulashi mkononi. Kazi yake ya mwisho wa masomo inatakiwa chuoni leo kabla ya saa tisa. Karatasi zipo, wino upo, umeme upo. Lakini hakuna kompyuta hata moja inayoiona printa. Hapo ndipo mwenye duka anakumbuka namna alivyopanga nyaya zake.

Mipango inayojulikana zaidi ni minne. Wa kwanza ni basi: waya mmoja mrefu unaopita kwenye kompyuta zote. Ulitumika sana miaka ya 1980, na waya wake mwembamba haukupaswa kuzidi mita 185. Ukikatika popote, wote wanasimama. Wa pili ni pete: kila kompyuta inashikana na jirani zake wawili. Pete ya kawaida ikikatika sehemu moja, kazi inakwama. Wa tatu ni wavu: kila kompyuta inafungwa na kila nyingine. Ni imara, lakini kompyuta 6 zinataka nyaya 15, na 10 zinataka 45. Nani atazilipa?

Wa nne ni nyota. Kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye swichi, usiozidi mita 100. Panya akitafuna waya mmoja, kompyuta moja tu inatoka kazini; tano zinaendelea. Kwa duka dogo, huu ndio unaofaa.

Lakini nyota ina roho moja: swichi. Ikizimika, wote wanazimika. Kwa hiyo pesa iwekwe hapo kwanza. Umeme wa Ruzizi ukikatika, kompyuta za kupakata zina betri zake, swichi haina. Ipewe betri ya akiba. Hesabu pia milango: kompyuta 6, printa na ruta zinajaza swichi ya milango 8. Anayetaka kukua anunue ya 16.

Wengi hufanya kinyume: wanaongeza swichi ndogo nyuma ya nyingine, hadi nyota inageuka mnyororo. Mbaya zaidi ni kufunga swichi mbili za kawaida kwa nyaya mbili: ujumbe unazunguka bila mwisho na mtandao wote unaganda.

Mwisho, andika namba kwenye kila waya, ncha zote mbili. Siku ya haraka, mwanafunzi hatangoja ukivuta waya mmoja mmoja.