Kumtunza Kunguru Bila Kumfuga

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Kwa ndege mwenyewe, methali hii haina ukweli mwingi. Kinda wa kunguru akichukuliwa mdogo na kulishwa kwa mkono huwazoea watu upesi, akamfuata mlishaji wake hadi mlangoni na kumlilia chakula kama anavyomlilia mamaye. Tabu haimo katika kumzoesha, imo katika yanayomfika akishazoea. Ndiyo sababu mkazi wa Kitale au Bungoma anayemwonea huruma kunguru na kumpeleka nyumbani anaweza kumdhuru kuliko jirani asiyemjali kabisa. Kumtunza ndege huyu ni kumwacha huru, kisha kurekebisha mienendo yetu sisi tunaoishi naye.

Kwanza tumjue. Kunguru wa Trans Nzoia na Bungoma, yule mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe, ni mwenyeji wa Afrika tangu jadi, na hupatikana sehemu nyingi za kusini mwa Sahara hadi Madagaska. Asichanganywe na kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu, anayewasumbua watu wa Mombasa na Malindi. Huyo aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili apunguze taka, akaenea pwani akila mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1 wa aina hiyo kabla ya mwaka kwisha. Hukumu ya mgeni isimwangukie mwenyeji. Kunguru wetu huokota mabaki ya machinjioni na sokoni, hula mizoga ya wanyama waliogongwa barabarani, na shambani hudonoa panzi, mchwa na viwavi. Hawezi kuwamaliza viwavijeshi waliovamia mahindi ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017, lakini mkulima anayepambana na wadudu hana sababu ya kumfukuza kila ndege anayewala.

Huruma yetu hupotoka zaidi wakati wa makinda. Kunguru hujenga kiota cha vijiti juu ya mikaratusi au nguzo za stima, na mayai huanguliwa baada ya siku 18 au 19. Makinda hukaa humo kama wiki 6, kisha huruka chini au kwenye matawi kabla mabawa hayajakomaa. Kwa siku kadhaa wanarukaruka ardhini huku wazazi wakiwaletea chakula na kumpigia kelele kila anayekaribia. Mpita njia huona yatima, kumbe anayemwona ni mwanafunzi aliye darasani. Akimwokota, amemnyima masomo ambayo binadamu hawezi kuyafundisha: chakula kiko wapi, mwewe hukwepwaje, nani wa kuogopwa. Ugali na maziwa si chakula cha kujenga mifupa ya ndege huyu, na akiwekwa pamoja na kuku wanaweza kuambukizana maradhi kama Newcastle. Akikua hana hofu ya watu, hutua kwa jirani asiyemjua, na huko hukaribishwa kwa jiwe.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inavunja urafiki, kwa kuwa kunguru ana akili na humtambua anayemtendea wema. Akili anayo kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, waliwakamata kunguru wachache wakiwa wamevaa vinyago, wakawatia pete na kuwaachia. Miaka mingi baadaye, aliyepita hapo na kinyago kile alizomewa hata na kunguru ambao hawakukamatwa, maana waliotendewa waliwafunza wenzao. Wale ni wa jamii nyingine, lakini ni ndugu wa karibu wa kunguru wetu. Ushahidi huu unaonyesha kwamba ndege anaweza kumjua mtu akiwa huru juu ya mti, bila kizimba wala kamba mguuni. Urafiki hauhitaji mfungwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima. Msimu wa kupanda, Machi na Aprili, kunguru hufukua mbegu na kung'oa miche michanga, na hunyakua vifaranga uani. Hasara hiyo si ya kubezwa, ila ina muda wake. Mche ukishashika mizizi haung'oleki kwa urahisi, kwa hiyo ulinzi unahitajika hasa wiki za mwanzo. Vifaranga wakifunikwa kwa tenga au wavu hadi wakue, mwizi hukosa njia. Jaa likifukiwa na mabaki ya machinjio yakifunikwa, idadi ya kunguru mjini itapungua yenyewe, kwa sababu takataka zetu ndizo zinazowaita. Sumu ndiyo dawa mbaya kuliko zote, kwani haichagui. Huko Bunyala, kaunti jirani ya Busia, dawa ya wadudu aina ya Furadan ilitumiwa kuwaua ndege wa porini waliouzwa kama kitoweo, na sumu iliyowekewa ndege ikafika mezani pa watu.

Basi ukimkuta kinda wa kunguru chini, mwangalie kwa mbali. Ikiwa yuko barabarani au mbwa wako karibu, mweke kwenye tawi la chini hapo hapo, uondoke ili wazazi warudi. Hawatamkataa kwa sababu umemgusa. Akiwa amevunjika bawa, wajulishe KWS au daktari wa mifugo badala ya kumfanya mali yako, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Funika taka zako, linda vifaranga wako, na umwachie kunguru anga lake.