Figo, Kuvu na Unga wa Mitandaoni

Aliyepandikizwa figo, iwe Muhimbili, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2017, iwe India, humeza vidonge kila siku ili mwili usikikatae kiungo kigeni. Wengi wao hawajui kwamba baadhi ya vidonge hivyo asili yake ni kuvu. Wanachokijua zaidi ni unga wa uyoga unaonadiwa mitandaoni kuwa "unasafisha figo". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwaka 1893 daktari Mwitaliano, Bartolomeo Gosio, akichunguza mahindi yaliyoota ukungu, alipata kwenye kuvu ya jamii ya Penicillium tindikali iliyokuja kuitwa asidi ya maikofenoliki. Ilipita karne nzima kabla dawa iliyotokana nayo, maikofenoleti, haijaidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo. Dawa nyingine yao, siklosporini, nayo ilitoka kwenye kuvu iliyopatikana katika udongo wa nyanda za Hardangervidda, Norwei. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wanaosafiri wachote udongo kidogo huko waendako. Mwaka 1978, Roy Calne wa Cambridge aliwapa dawa hiyo wagonjwa waliopandikizwa figo.

Siklosporini huzuia askari wa kinga, yaani seli T, wasiitane vitani. Maikofenoleti huwanyima malighafi ya kutengenezea vinasaba, hivyo hawazaliani. Kwa sababu hiyo hutibu pia figo zinazoshambuliwa na ugonjwa wa lupasi. Lakini siklosporini ikizidi, huiumiza figo ileile inayoilinda, na ndiyo maana daktari hupima mara kwa mara kiwango chake kwenye damu.

Ule unga haupimwi hivyo. Chukua kordisepsi, kuvu inayoota juu ya viwavi katika milima ya Tibet, ambayo Wachina wameitumia kwa muda mrefu. Mwaka 2014 mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 22 zenye wagonjwa wa figo 1,746. Kreatinini, uchafu ambao figo hutakiwa kuuchuja, ilionekana kupungua, ila tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu mno kujengea hoja. Kwangu, hiyo ni sababu ya kufanya utafiti bora, si ya kufungua pochi.

Uyoga wa chaga (hauhusiani na Wachaga wa Kilimanjaro) una hatari zaidi kwa sababu umejaa oksaleti, chumvi inayoganda kwenye mirija ya figo. Mwaka huohuo wa 2014, madaktari wa Japani waliripoti kisa cha mama wa miaka 72 mwenye saratani ya ini aliyekula unga wake vijiko vinne hadi vitano vya chai kwa siku, kwa miezi sita. Figo zake zilifeli, akaishia kusafishwa damu kwa mashine.

Mwenye ugonjwa wa figo amwonyeshe daktari chupa ya unga wa aina hiyo kabla ya kuifungua. Na aliyepandikizwa ajiepushe na chochote kinachojinadi "kuongeza kinga", kwa kuwa kinga hiyohiyo ndiyo vidonge vyake vinapambana kuituliza.