Kuvu Ukutani na Maji Paani: Siha ya Mpangaji Wakati wa Masika

Masika yaanzapo kunyesha katika mwambao wetu, baina ya Machi na Mei, wapangaji wengi wa Mombasa hushughulika kupanga ndoo na masufuria chini ya dari, na mvua ikiisha kupita hubakiwa na dhara lisiloondoka pamoja nayo: madoa meusi na ya kijani pembeni mwa kuta, uvundo kabatini, na watoto wakohoao usiku kucha. Ada iliyozoeleka ni kumwita mpaka rangi alifunike doa. Walakini, maadamu maji yangali yakiingia, doa litarejea, na fedha zitakuwa zimepotea bure.

Kuvu ni kiumbe hai ambacho mbegu zake, ndogo mno zisizodirikiwa na jicho, zimo hewani daima, wala hapana nyumba iwezayo kuepukana nazo. Mbegu hizo hukaa kimya mpaka zipate chakula na maji. Chakula ni mbao, karatasi ya dari ya jipsamu, vumbi na nguo, yaani nyumba yenyewe na vilivyomo. Kwa hiyo silaha yetu ni kuuzuia unyevu, tena kwa haraka, kwani kitu kilichorowa kikikaa saa 24 hadi 48 pasina kukauka, kuvu huweza kuanza kuota.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba wakaao katika majengo yenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya njia ya pumzi na ya kuzidiwa na pumu, wala halikuweka kiwango chochote cha kuvu kiwezacho kuitwa salama. Wa kuhofiwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika, na hata waliopona kifua kikuu kikawaachia mashimo mapafuni, kwani kuvu ya aina ya aspajilasi huweza kufanya maskani humo na kuwaletea kikohozi cha damu.

Tiba basi huanzia juu. Msumari wa bati hukazwa pamoja na kikofia cha mpira, na jua la kaskazi hukikausha kikofia hicho kikapasuka, ilhali bati lenyewe, kwa kutanuka mchana na kunywea usiku, hulipanua tundu la msumari kidogo kidogo. Maji yaingiayo hapo aghalabu hutambaa juu ya ubao wa kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huweza kuwa mbali na doa. Fundi mwangalifu huingia darini mchana, akatafuta vijitundu vipenyezavyo mwanga, kisha akaangalia mahali paa linapokutana na ukuta, na mifereji iliyozibwa na majani. Mpangaji naye na auzungushie mpaka wa doa mstari wa penseli na kuandika tarehe: likikua baada ya mvua, lawama ni ya paa, likikua siku za ukavu, na lichunguzwe tangi au bomba. Maji yakikaribia taa, umeme na uzimwe kwanza.

Katika nyumba za Mji wa Kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuna sababu nyingine. Chokaa huuacha unyevu upumue na kutoka, bali saruji iliyopakwa juu yake huufungia ndani, hata lipu ikavimba na kubanduka. Ukuta wa namna hiyo wataka kurudishiwa chokaa.

Paa likishatengenezwa, ndipo kuvu isafishwe: madirisha yawe wazi, pua na mdomo vifunikwe, na ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni kisha ukaushwe barabara, wala usipigwe brashi ungali mkavu, kwani mbegu zitatawanyika. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na amonia wala na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu na ikatwe itupwe. Na doa lipitalo kiasi cha mita moja ya mraba aachiwe fundi.

Gharama ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba makazi aliyoyapangisha yanafaa kukaliwa na binadamu tangu mwanzo wa mkataba hata mwisho wake. Na iwapo amepangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta kuu ni juu yake kuzitengeneza, hata kama mkataba haukutaja. Ni insafu, basi, mpangaji amwandikie barua ya adabu yenye tarehe na picha, abaki na nakala, wala asizuie kodi kwa shauri lake mwenyewe kabla ya kupata nasaha ya mwanasheria.

Na yeyote atafutaye nyumba, kabla ya kulipa, aitazame dari kwanza, afungue makabati na kunusa. Na akiona rangi mpya katika pembe moja tu ya chumba, aulize sababu yake.