Uvira: Msafiri wa ndege, chunga mikono na chakula kuliko hewa

Wasafiri wengi wa Uvira wanaokwenda ng'ambo hupandia ndege Bujumbura. Mpaka unapokuwa wazi, huvuka Kavimvira na Gatumba hadi uwanja wa Melchior Ndadaye. Safari ni fupi, lakini tahadhari ya afya inapaswa kuanza hapo, si kwenye kiti cha ndege.

Wengi huogopa hewa ya ndani ya ndege. Katika ndege kubwa za kisasa, hewa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa na hupitia vichujio vinavyonasa vijidudu. Hatari kubwa hutoka kwa mgonjwa aliye karibu nawe. Jirani akikohoa, vaa barakoa na uache wazi tundu la hewa lililo juu ya kiti.

Mikono na chakula navyo vina hatari yake. Februari 1992, ndege iliyotoka Argentina kupitia Peru kwenda Los Angeles ilisababisha kipindupindu kwa abiria 75, na mmoja alifariki. Wachunguzi walikishuku chakula baridi kilichopakiwa Lima.

Kisa hicho kinaihusu Uvira, ambako kipindupindu kimekuwa kikirudi kwa miongo mingi, hasa maji ya bomba yanapokatika na watu kuchota ziwani au mtoni. Dalili zinaweza kuchukua saa chache au hadi siku 5 kujitokeza. Mtu anaweza kuondoka nyumbani mzima, akaanza kuharisha angani.

Kwa hiyo, siku chache kabla ya safari kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na ule chakula kikiwa moto. Njiani, nunua maji ya chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Beba pakiti za ORS.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahaulike. Huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, na tangu 2016 kinadumu maisha yote.

Ukianza kuharisha maji kabla ya kuondoka, nenda kituo cha afya na uahirishe safari. Tiketi hubadilishwa, lakini kipindupindu kisichotibiwa kinaweza kuua kwa saa chache.