Betri ya Mwaka wa Nne

Kuchangisha fedha za kununulia maktaba ya kijiji kompyuta si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Picha ya mtoto aliyeshika kishikwambi hufungua pochi nyingi, ziwe za Dar es Salaam au za Toronto. Ugumu huanza mwaka wa nne. Betri za asidi zinazofungwa kwenye mitambo mingi ya sola huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, ilhali paneli zilizoko juu ya bati hudumu miaka 20 na zaidi. Ndiyo maana paneli huweza kuwa nzima kabisa huku kompyuta chini yake zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi: hakuna aliyekumbuka kuomba fedha za betri ya pili. Kwa maoni yangu, mchango wa aina hii haujatimia mpaka ujulikane nani atalipia betri hiyo, na nani atamlipa mtu wa kufungua mlango kila siku.

Somo hili tumeshalilipia ada zamani. Katika miaka ya 1970 kampeni ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania ilizaa maktaba vijijini pamoja na magazeti ya kuzilisha, likiwemo Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa. Uchumi ulipoyumba na misaada kupungua, vitabu vilichakaa rafuni bila kupata warithi. Mwaka 1999, huko Nakaseke nchini Uganda, mashirika ya kimataifa, UNESCO miongoni mwao, yaliweka maktaba, simu na kompyuta chini ya paa moja. Wazo lilikuwa zuri, na vituo kama hicho vikaenea. Vingi vilikwama palepale: ada ndogo walizomudu wanakijiji hazikutosha kulipia intaneti, umeme na fundi, muda wa mfadhili ulipokwisha.

Maktaba ya Kitengesa, karibu na Masaka, hukohuko Uganda, ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1999 ilikuwa sanduku la vitabu tu, likitumika katika shule ya sekondari. Wasomaji walipokuwepo ndipo jengo likajengwa, kwa msaada wa mfuko unaochangiwa na watumishi wa Umoja wa Mataifa. Baadaye zikaja sola, na kompyuta zikafuata. Teknolojia ya kwanza iliyowafaa wanafunzi ilikuwa taa, kwa kuwa saa za kujisomea ni baada ya jua kuzama na nyumbani mwanga ni wa kibatari. Kuna jambo jingine ambalo wachangishaji wangepaswa kuliiga: baadhi ya wanafunzi hufanya kazi maktabani na kwa kazi hiyo hulipiwa karo. Fedha ileile inasomesha kijana na kuiweka maktaba wazi. Hicho si kitu cha kukatiwa utepe, na pengine ndiyo sababu hakitajwi sana katika maombi ya misaada.

Upande wa vifaa, mambo yamerahisika kuliko wakati wa Nakaseke. Programu ya Kolibri hubeba masomo, na Kiwix hubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili; zote ni za bure na hufanya kazi bila intaneti. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mtu anaruhusiwa kuzichapa. Vyote hivi huingia katika kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, inayokula umeme kidogo mno na kurusha mawimbi yake chumbani. Msomaji anaunganisha simu yake, anasoma, na bando lake halijaguswa. Kwa mpangilio huo hata betri ya pili inakuwa ndogo, na bei yake inafikika.

Watu wa kijijini watazitoa wapi fedha za betri hiyo? Ni walewale wanaochangia harusi na misiba kila mwezi, kwa M-Pesa, kwenye makundi ya WhatsApp yanayosimamiwa na mweka hazina asiyesahau jina la mtu. Hawawezi kujenga jengo, lakini betri moja kila baada ya miaka minne wanaiweza, ilimradi wasomewe mapato na matumizi hadharani. Mshahara wa mkutubi ni mzigo mzito zaidi, na hapo sina haja ya kuwapamba wanakijiji: halmashauri inatakiwa kuubeba, na ahadi hiyo iandikwe kabla mashine hazijanunuliwa. Wafadhili husema wao hulipia vifaa, mishahara hawalipi. Basi wavihesabu vifaa vya miaka kumi, badala ya vile vya siku ya uzinduzi.

Wapo pia wanaosema maktaba imepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu ana simu. Mtoto wa darasa la tatu hana simu, na mwenye nayo hununua bando kwa kupima. Lakini pingamizi hilo lina ukweli wake. Mahali ambapo mtandao ni mzuri na vijana wana simu zao, kununua kompyuta kumi za mezani ni kupoteza fedha. Hapo kamati ya maktaba iwaambie wafadhili na halmashauri wazi kwamba inahitaji taa, meza, vitabu vya kiada na mshahara wa mtu mmoja.